Nyumba ndani ya mwiba: mjenzi ni mti au chungu?

Swali: "Assalaam alaykum, mwalimu. Mimi ni kijana wa Hindi, Lamu bara. Wakati wa likizo humsaidia babu kuchunga mbuzi. Njia ya kwenda Witu iko migunga yenye miiba iliyovimba kwenye shina lake kama vitunguu, ina tundu, na ukiitikisa tu chungu wanakutokea. Babu asema chungu huuuma mti, na mti ukavimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Rafiki yangu naye aniambia ziko nchi ambako hata majani yana vyumba vya chungu. Nani mjenzi, chungu au mti? Na jani lililo bapa kama karatasi huwaje chumba? Tena, tukiwachoma moto chungu hao, mbuzi hawatapata malisho zaidi?"

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Mjenzi ni mti. Chungu hakuchangia hata kokoto. Kazi yake ni kutoboa mlango na kuhamia. Lakini babu yako hakusema upuuzi, na nitaanza na yeye.

Iko mimea inayovimba kweli kwa sababu imeumwa. Chuma jani la mwembe ulipitishe kidole: mara nyingi utahisi vipele vigumu kama harara. Ndani ya kipele mna buu wa kijinzi mdogo kuliko mbu, na buu huyo ndiye aliyeulazimisha mwembe umfanyie uvimbe. Asipokuja yeye, kipele hakitoki. Basi mtu mzima aliyeona vipele vya mwembe maisha yake yote, akiona mwiba uliovimba wenye wadudu ndani, ataamua nini? Hata wasomi wa zamani walibishana juu ya jambo hili.

Ubishi ulimalizwa na bustani. Mgunga wa aina hii ukipandwa mahali ambapo chungu hawafiki, miiba huvimba vile vile, mitupu, haina tundu. Mwaka 1883 Melchior Treub, Mholanzi aliyekuwa akiongoza bustani ya mimea kisiwani Java, alionyesha jambo la namna hiyo kwa mmea mwingine kabisa, mirmekodia, ambao shina lake hunenepa kama kiazi kikubwa chenye vichochoro ndani. Aliuotesha bila chungu, na vichochoro vikajichimba vyenyewe. Hapo ndipo penye tofauti kati ya kipele cha mwembe na mwiba wa mgunga wako: kipele ni jibu la mti kwa mdudu aliyekwisha kufika, mwiba ni nyumba inayojengwa kabla mpangaji hajajulikana. Wataalamu huziita nyumba hizi domatia, neno la Kiyunani lenye maana ya vijumba tu.

Na wala si jambo la mti mmoja. Guillaume Chomicki na Susanne Renner walihesabu, wakachapisha mwaka 2015: mimea inayojulikana kuwajengea chungu ni spishi 681, na uhodari huo ulizuka upya mara 158, kila ukoo kwa njia yake. Wengine hutumia shina, wengine mzizi, wengine jani. Mimi hushangazwa na hesabu hiyo ya 158 kuliko ile ya 681, maana yaonyesha kwamba mmea kujenga nyumba si muujiza mgumu. Ni kitu kilicho karibu karibu, chahitaji kusukumwa kidogo tu.

Mgunga mlio nao huko, unaopenda udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji wakati wa masika, jina lake la kitaalamu ni Vachellia zanzibarica. Ndugu yake maarufu yuko bara, Laikipia na nyanda nyingine za juu, Vachellia drepanolobium, ambao miiba yake hupiga mluzi upepo ukipita matunduni. Wazungu wameupa jina kwa mluzi huo. Ukisimama katikati ya migunga hiyo upepo ukivuma utadhani kuna mtu anajaribu zumari asilolijua.

Sasa, mwiba huo ni kitu gani? Utazame vizuri utakapotoka na mbuzi. Miiba hukaa miwili miwili, kushoto na kulia ya mahali jani linapoota. Si ajali. Mimea mingi, pamoja na kunde mnayopanda shambani, ina vijani viwili vidogo ubavuni mwa kikonyo, pale jani linapokutana na tawi. Huitwa stipuli. Kwenye kunde ni vijipande vya kijani ambavyo hata huvioni. Kwenye mgunga, stipuli hizo zimegeuka miiba. Kwa hiyo mwiba wa mgunga ni sehemu ya jani, na swali lako la mwiba na swali lako la jani ni swali moja.

Mwiba unapozaliwa ni laini, wa kijani uliochanganyika na zambarau. Ungeweza kuukata kwa ukucha. Kwenye mwiba wa kawaida seli hurefuka kwenda mbele tu, kisha hukauka na kuwa sindano. Kwenye mwiba wa nyumba, seli za pale chini hutanuka kwenda kando. Ganda la nje hupanuka, nyama ya ndani haiwezi kulifuata, hunyauka na kuacha uwazi. Kisha ganda hugeuka mti mgumu. Chungu mwenye akili haungoji ugumu huo: huja kutafuna mlango mwiba ukiwa bado teketeke.

Nimewahi kupasua mmoja kwa wembe juu ya sahani nyeupe, na usifanye hivyo bila kuandaa mahali pa kukimbilia. Ukuta ulikuwa mwembamba kuliko kifuu cha nazi lakini mgumu kwa namna ile ile, na ndani mlikuwa na weusi laini, kama chungu cha kupikia kilichozoea moto. Mabuu yalilala pamoja, meupe, kama punje za mchele zilizomwagika. Chungu wakubwa walikimbia huku wameinua matumbo yao juu ya vichwa, mtindo wa jamii yao, na hewa ikajaa harufu kali iliyonikaa vidoleni hadi magharibi.

Twende kwenye jani lenyewe, maana hapo ndipo penye utamu.

Umewahi kumwona mama akishona kawa? Ukili wenyewe ni bapa, mshipi mrefu wa miyaa. Akianza kuuzungusha na kuushona, kila kitu kimo katika mkono wake unavyovuta. Akiuachia ukingo nafasi, kazi hulala chini kama msala wa duara. Akiuvuta ukingo ukaze, kazi huinuka, ikawa kawa la kufunikia chakula. Akiulegeza kupita kiasi, ukingo hufanya mawimbi kama marinda. Hakuna aliyekunja kitu. Ni tofauti tu ya urefu kati ya katikati na ukingoni.

Jani hufanya hivyo hivyo, ila badala ya mkono unaovuta, ni seli zinazogawanyika upesi hapa na polepole pale. Katikati ikikua kuliko ukingo, jani hutuna kama bakuli. Ukingo ukikua kuliko katikati, hutoka marinda, kama majani ya sukumawiki yale ya kujikunja. Kwa kawaida jani hujitahidi mno kukua sawasawa, ndiyo maana ni bapa. Ubapa ndio wenye kazi kubwa! Kuvimba ni kulegeza ulinzi mahali pamoja.

Katika misitu ya Amazon uko mmea uitwao Tococa. Chini kabisa ya jani, pale linapoungana na kikonyo, hutuna vifuko viwili kama mashavu ya mtoto aliyejaza maji mdomoni, kimoja kila upande wa mshipa wa katikati. Milango iko upande wa chini. Hirtella, wa misitu hiyo hiyo, hufanya kwa njia nyingine: ukingo wa jani karibu na kikonyo hujikunja kuelekea chini hadi ukakaribia kuziba, kama mtu anayekunja pindo la msuli na kuacha mfuko. Na Afrika tusijione maskini: katika msitu wa Kongo kuna Scaphopetalum, mti wa ukoo mmoja na mbuyu na bamia, ambao nao una kifuko chake kwenye shina la jani.

Ukizichunguza hizo kuta utaona zimebadilika kazi. Eneo la kifuko huwa na klorofili kidogo na matundu machache ya kupumulia, na nyuzi za kuimarisha huwa nyingi. Ni sehemu ya jani iliyoacha kupika chakula ikawa ukuta. Mti umelipa.

Lakini seli ya jani hujuaje iko wapi, ikue kwa kasi ipi? Hapa yabidi nikuchoshe kidogo. Jani lina sura mbili: ya juu, iliyotengenezwa kwa jua, na ya chini, iliyotengenezwa kwa pumzi. Tangu jani likiwa kijichomozo kidogo kuliko kichwa cha pini, jeni fulani, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, zinafanya kazi upande wa juu na nyingine upande wa chini. Mwaka 1995 Richard Waites na Andrew Hudson walichunguza ua la bustani, antirinamu, lenye hitilafu: baadhi ya majani yake yalikosa sura ya juu. Majani hayo hayakuwa na bapa kabisa. Yalikuwa kama sindano. Wakaelewa kwamba bapa la jani huzaliwa pale sura mbili zinapokutana, kama povu linavyojipanga pale wimbi linapogusa mchanga. Sogeza mpaka huo, na umbo la jani hubadilika.

Kusogeza kidogo kunatosha? Kunatosha. Yutrikularia ni mmea mdogo wa majini, jamaa zake wapo hata kwenye mabwawa ya Afrika Mashariki, na una majani ya namna mbili: membamba ya kawaida, na mengine yaliyogeuka vikombe vya kunasia viroboto wa maji. Mwaka 2020 Chris Whitewoods na wenzake walionyesha kwamba tofauti huanzia kwenye ukubwa wa eneo ambalo jeni ya upande wa juu inafanya kazi. Eneo hilo likibanwa likawa dogo, kijichomozo hugeuka kikombe. Walipoilazimisha jeni hiyo ifanye kazi mahali pote, vikombe havikutokea. Hicho ni kikombe cha kuua, si cha kukaribisha mgeni, lakini fundi anayekata kanzu na anayekata koti wana mkasi mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo wachungaji huligundua kabla ya maprofesa: mche mdogo hauna nyumba. Jani la kwanza la Hirtella ni bapa tupu, la pili vilevile; vifuko huja baadaye. Mgunga nao mwanzoni hutoa miiba myembamba ya kawaida. Aaron Leichty na Scott Poethig wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliifuatilia migunga ya Amerika ya Kati na kuchapisha mwaka 2019. Waliona kwamba mche mchanga una wingi wa kijimolekuli kiitwacho mikroRNA 156, ambacho hunyamazisha jeni za utu uzima. Mche unavyokua, kijimolekuli hicho hupungua, jeni zile hupata sauti, na hapo miiba minene, tezi za mbochi (maji matamu ya mmea) na chakula cha chungu huanza kutokea. Mche uliowekwa kwenye mwanga hafifu ulichelewa kuvitoa. Kwangu mimi hiyo ni akili ya mtu asiyeoa kabla hajapata pa kulaza mke.

Usichanganye haya na wale chungu waitwao maji moto walioko kwenye mwembe wenu, maana najua utaniuliza. Kule mjenzi ni chungu kweli. Wanajipanga mstari ukingoni mwa majani mawili, wanashikana viuno wakipungukiwa urefu, wanavuta hadi kingo zikutane. Kisha mwingine huja na buu kinywani, anampitisha huku na huku kama sindano, na buu hutoa uzi wa hariri unaogandisha majani. Mwembe haukutoa chochote ila majani yake ya kawaida. Ndiyo maana utawakuta maji moto kwenye mkorosho, mwembe na mnazi bila ubaguzi. Hawa nao wana faida yao. Michael Way, aliyefanya kazi Unguja miaka ya 1950, alieleza jinsi wanavyomfukuza kunguni anayefyonza vidaka vya nazi na kuviangusha, na jinsi chungu wadogo wa kichwa kikubwa wanavyowahamisha maji moto, mnazi ukabaki bila mlinzi.

Kati ya mwembe usiotoa kitu na mgunga unaotoa nyumba, iko mimea ya nusu njia. Uangalie mbarika ulioota jaani, pale kikonyo kinapokutana na jani: utaona vinundu viwili vinavyong'aa. Ni tezi za mbochi, hazina habari na ua wala tunda. Zimewekwa pale kwa ajili ya chungu wapitao njia. Posho ipo, nyumba hakuna.

Nyumba yenyewe mti hupata faida gani? Kwa mgunga ni ulinzi, hasa dhidi ya ndovu, ambaye huogopa chungu mkongani kuliko mwiba mdomoni. Huko Mpala, Laikipia, tangu 1995 sehemu za nyika zilizungushiwa ua wa umeme wanyama wakubwa wasiingie. Baada ya miaka kumi, Todd Palmer na wenzake walikuta migunga ya ndani ya ua imepunguza miiba ya nyumba na mbochi. Hakuna adui, mshahara wa nini? Lakini chungu walinzi walipopunguka, jamii nyingine ya chungu wasiojali wakashika miti, mbawakawa watoboao magogo wakaingia, na miti iliyolindwa na ua ikakua polepole na kufa zaidi kuliko ile iliyotafunwa nje. Wapangaji nao hawafanani. Iko aina moja huko huko Laikipia ambayo hukata machipukizi ya mti wake usigusane na wa jirani, hata mti hauzai. Ndiyo, mpangaji anayemhasi mwenye nyumba.

Mimea mingine hulipwa kwa mbolea. Maieta wa Amazon ana vifuko viwili kwenye jani, na chungu hulelea watoto kimoja, kingine wakakifanya jaa, na jani hufyonza lishe kutoka kwenye jaa hilo. Dischidia wa Asia hugeuza jani zima kuwa mtungi na kuingiza mzizi wake mwenyewe ndani ya mtungi huo. Mwaka 1995 Kathleen Treseder na wenzake walipima: asilimia 29 ya naitrojeni ya mmea ilitoka kwenye takataka za chungu, na asilimia 39 ya kaboni ya majani ilitoka kwenye pumzi zao. Mmea unakula pumzi ya mpangaji.

Kuhusu kuchoma: msiwachome. Moto hauchagui chungu, utaunguza matawi na nyasi, na mbuzi wenu kwa midomo yao myepesi wanapata majani hata sasa. Mwambie babu kwamba mti usio na chungu ndio ndovu wa Tana atakaoung'oa kwanza.

Na kama hataki maneno yangu, usibishane naye, mwonyeshe. Okota maganda makavu ya mgunga huo, toa mbegu, zimwagie maji ya moto uziache usiku kucha, maana ngozi yake haipitishi maji upesi. Panda kwenye makopo ya maziwa yaliyotobolewa chini, uyaweke juani juu ya meza, kila mguu wa meza ukae ndani ya kopo la maji yenye sabuni, na meza isiguse ukuta wala tawi. Miezi ya kwanza mtaona sindano tupu na babu atacheka. Mwacheni acheke, muendelee kumwagilia. Siku mwiba wa kwanza utakapotuna, muite aje auguse ukiwa bado laini, autafute tundu mwenyewe.